Rangi ya Ua

Kadi ina mistari sita.
Namba. Mahali. Urefu wa mti. Jani. Rangi ya ua.
Wa mwisho ni wa mkusanyaji:
Zuwena Asaa, naandika, kwa penseli,
maana wino hukimbia kwa unyevu wa Ngezi.

Siku ya kwanza nilifika Makangale saa moja asubuhi,
makuti bado yanadondosha umande.
Karibu na pwani ya Vumawimbi
nikaliona: manjano, manjano ya samli mpya,
na chini kabisa, kooni, doa la zambarau
kama mtu aliyekula asifute mdomo.
Nikalikata, nikalibana ndani ya magazeti.
Arubaini na moja.

Siku ya pili gari ya ofisi ilipata pancha Konde.
Nimefika, alasiri imeshaadhiniwa.
Ua la rangi ya chungwa, kingo zimejikunja.
Nikasema, huyu binamu yake.
Arubaini na mbili.

Siku ya tatu, jua linazama, nikaokota mchangani
jekundu la kutu, kutu ya bati kuukuu,
limefumba kama ngumi ya kitoto kichanga.
Arubaini na tatu!
Usiku nikaitunga kichwani barua ya mkuu wa idara,
kwa unyenyekevu mwingi,
unyenyekevu wa mtu anayejua atasifiwa.

Asubuhi akaja Mize, wa darasa la tano,
anahamisha mbuzi wake.
Akainama juu ya magazeti yangu.
"Mbona umeukata mtakawa mara tatu?"
Nikamwambia hii mitatu mbalimbali.
Akacheka mpaka kamba ikamtoka mkononi
na mbuzi akala ukurasa wa michezo.

Akanipeleka kwa shangazi yake, Bikombo,
anayesokota kamba na kuziuza kwa pima.
Hakuacha kazi. Hakunikaribisha kiti.
"Maua mie siyajui. Yana uongo.
Mie najua gamba. Livute.
Likikatika upesi, hilo la yule mwengine,
naye twamwita mtakawa vilevile,
ila jani lake lang'aa juu na chini.
Hili ligeuze."
Nikaligeuza. Chini lilikuwa jeupejeupe, lina malaika,
laini kama sikio la mwana-mbuzi.
Siku tatu nilikuwa nalo mkononi
na sikuwahi kuligeuza.

Nikakumbuka bandarini Mkoani,
kaka yangu anarudi kutoka Maskati baada ya miaka kumi na moja,
ndevu, kitambi, miwani, lafudhi ya ugenini.
Sisi wadogo tulimpita kumtafuta nyuma yake.
Mama hakumwangalia uso.
Alikuwa anatazama miguu inayoshuka ngazi,
ule wa kushoto unaotangulia kama unapima maji.
"Huyo wangu," akasema,
na alikuwa hajafika hata chini.

Kesho yake nilikaa mbele ya ua moja
tangu lilipofumbuka.
Saa nne, manjano. Saa saba, manjano, lakini limechoka.
Saa tisa likaanza kuona haya.
Saa kumi na moja chungwa; kisha kutu; kisha tap,
likaniangukia kwenye kiatu.
Kumbe sikuwa nimekusanya aina tatu.
Nilikusanya siku moja, vipande vitatu.

Nikafuta arubaini na mbili. Nikafuta arubaini na tatu.
Penseli huacha mfereji; ukiinamisha kadi kwenye mwanga
furaha yangu ya jana bado inasomeka.
Kwenye mstari wa rangi pakawa padogo,
nikapanda pambizoni na masaa yangu.
Mkuu atauliza. Aulize.

Na mstari wa sita, baada ya jina langu,
nikaongeza: na Mize Faki.
Akalisoma, kidole chini ya kila herufi.
"Umekosea. Baba Fakih. Mwisho ina h."
Akaichukua penseli mkononi mwangu
akaitia mwenyewe.